Faili Iliyozaliwa Saa Tisa Usiku

Nimenyamaza kidogo humu, kazi zilinibana. Juzi nilikuwa nikisafisha chumba hapa Kangemi nikaokota kitu kilichonirudisha nyuma miaka mingi: diski ya gigabaiti 40, imefungwa kwa gazeti, ndani ya sanduku la viatu. Kabla sijawaambia nilichokikuta ndani yake, itabidi niwasimulie kisa kimoja, kisha tupitie historia ya Unix. Wale ambao si waandishi wa programu msikimbie, nitaeleza polepole.

Mwaka 2006 mimi na mwenzangu tulipata kazi ya kumwandikia mfanyabiashara mmoja programu ya stoo. Alikuwa na duka la spea upande wa Kirinyaga Road, mali imejaa hadi darini, na hesabu zote ziko kwenye madaftari. Tulikubaliana atulipe nusu mwanzoni na nusu programu ikikamilika. Mkataba ulikuwa karatasi moja ya kalamu. Mwenzangu alikuwa amekopa kwenye chama cha mamake ili tununue kompyuta ya kufanyia kazi, kwa hiyo ile nusu ya pili ilikuwa na wenyewe hata kabla hatujaishika.

Programu ikaisha, ikawekwa, ikafanya kazi. Tulipofuata pesa tukazungushwa miezi kadhaa, mwishowe tukaambiwa hakuna deni. Eti programu ile aliiandika mpwa wa mwenye duka mwaka uliotangulia, sisi tuliitwa tu kuirekebisha.

Tukaenda kwa wakili, ofisi ndogo ghorofa ya nne karibu na Tom Mboya Street. Tulipanda ngazi tukiwa na uhakika kabisa. "Wakili, tarehe za faili ziko," mwenzangu akasema. "Kompyuta haidanganyi." Tukafungua kompyuta yetu ya Linux, tukaandika ls -l, na hapo ndipo tulipoaibika mara tatu.

Aibu ya kwanza: faili zote, zaidi ya mia moja, zilikuwa na tarehe moja, 14 Oktoba 2006. Hiyo ndiyo siku niliyohamisha kazi yetu kutoka diski ya zamani iliyojaa kwenda diski mpya. Kazi ya miezi minne ilionekana kana kwamba iliandikwa usiku mmoja.

Aibu ya pili: tulikuwa na nakala kwenye flashi diski, niliyoihifadhi saiba siku moja ya Juni saa tatu na nusu usiku. Tulipoichomeka kwenye kompyuta ya wakili yenye Windows ikasema 21:30. Tulipoichomeka kwenye yetu ikasema 00:30, tena tarehe ya kesho yake. Flashi ni ile ile, faili ni ile ile, saa ni mbili tofauti.

Aibu ya tatu: faili moja, tuliyokuwa tumeiokoa kutoka kwenye CD iliyokwaruzika, ilidai kwamba iliandikwa tarehe 1 Januari 1970, saa 03:00. Yaani saa tisa usiku, miaka mingi kabla sisi wawili hatujazaliwa. Na mpwa alikuwa na CD yake, faili zote zina tarehe za 2005, zimepangika vizuri.

Mzee wakili akavua miwani. "Vijana," akasema, "kama nyinyi wenyewe hamjui faili zenu ziliandikwa lini, mimi nitamwambia nini hakimu?"

Tulichukua kiasi kidogo alichotupa mwenye duka, tukatia sahihi, yakaisha. Mwenzangu akauza kompyuta ikiwa na diski yake mpya ili arudishe pesa za chama. Diski ya zamani nikaifunga kwa gazeti.

Haya basi. Kwa nini yalitupata hayo? Jibu linaanzia mbali na Kirinyaga Road, katika maabara ya Bell Labs huko New Jersey, Marekani, mwaka 1969.

Mwaka huo Ken Thompson, akishauriana na Dennis Ritchie na Rudd Canaday, alikuwa akibuni mfumo wa faili kwenye kompyuta ndogo ya PDP-7. Uamuzi mmoja waliofanya wakati ule bado unafanya kazi ndani ya simu yako ya Android na ndani ya kila seva ya Linux: jina la faili na habari za faili havikai pamoja.

Habari zote za faili ziliwekwa katika rekodi moja fupi, na rekodi hizo zikapangwa kwa namba katika orodha ndefu. Rekodi hiyo ndiyo inodi. Ritchie alipoulizwa miaka ya baadaye ile "i" ina maana gani, alisema hana hakika, ila alidhani ilitokana na faharasa. Majina yalikaa kwingine, ndani ya saraka. Na saraka haina maajabu yoyote: ni faili yenye orodha ya majina, na mbele ya kila jina namba ya inodi. Basi.

Mtu wa Nairobi hapaswi kusumbuka kulielewa hili. Tembea katikati ya jiji. Delamere Avenue leo ni Kenyatta Avenue. Government Road ni Moi Avenue. Hardinge Street ni Kimathi Street. Victoria Street ni Tom Mboya Street. Vibao vilibadilishwa, ramani zikachapishwa upya, lakini hakuna jengo lililosogea hata inchi moja, na namba za viwanja zilibaki zilivyo katika rejesta ya ardhi. Namba ya kiwanja ndiyo inodi. Kibao cha barabara ndiyo saraka. Ukitumia amri ya mv kubadilisha jina la faili ya gigabaiti nne ndani ya diski moja, inaisha papo hapo kwa sababu ni kibao tu kilichobadilishwa.

Tena jengo moja laweza kuwa na majina mawili. Lile jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ambalo kila abiria analiita Archives, zamani lilikuwa Bank of India, na wapo wazee ambao bado wanalijua kwa jina hilo. Katika Unix ukitumia amri ya ln unaipa faili jina la pili, na majina yote mawili yana haki sawa. Inodi huhesabu ina majina mangapi. Ukifuta moja, hesabu inapungua. Hesabu ikifika sifuri, na hakuna programu iliyoishikilia faili hiyo, ndipo nafasi yake kwenye diski inaachiliwa. Ndiyo sababu mwito wa kufuta faili kwenye Unix unaitwa unlink: kazi yake ni kukata kiungo kati ya jina na namba.

Sasa, mwandishi wa programu anaisomaje hiyo inodi? Kwa mwito unaoitwa stat. Umo katika kitabu cha kwanza kabisa cha maelezo ya Unix, cha tarehe 3 Novemba 1971. Unaipa stat jina la faili, inakurudishia yaliyomo kwenye inodi. Wakati ule inodi nzima ilikuwa baiti 32. Ndani yake mlikuwa na alama za ruhusa, hesabu ya majina, namba ya mwenye faili, ukubwa, anwani nane za bloku za diski, na nyakati mbili: wakati wa kuumbwa na wakati wa kubadilishwa mara ya mwisho.

Angalia vitu viwili hapo. Kwanza, jina halimo. Hata leo, ukiiuliza stat faili hii inaitwaje, haina jibu. Pili, na hili ndilo lililotuumiza, wakati wa kuumbwa ulikuwemo mwaka 1971. Kisha ukaondolewa.

Ilikuwaje? Kumbukumbu ilikuwa ghali na kila baiti ilipigiwa hesabu. Mifumo ya Unix ilivyokua, waandishi wake waliona ni muhimu zaidi kujua faili imesomwa lini mara ya mwisho na imebadilishwa lini. Kufikia toleo la saba, Januari 1979, inodi ilikuwa na nyakati tatu ambazo kila mwandishi wa programu za Unix anazijua hadi leo:

atime: mara ya mwisho faili iliposomwa.
mtime: mara ya mwisho yaliyomo yalipobadilishwa.
ctime: mara ya mwisho inodi yenyewe ilipoguswa, kwa mfano kubadilisha ruhusa, mwenye faili, au idadi ya majina.

Wengi hudhani ile "c" ya ctime ni ya kuumbwa. Sivyo. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku ile kwa wakili. Kiwango cha POSIX cha mwaka 1988 kilizichukua nyakati hizo tatu zilivyo, na kwa miaka mingi Unix ya kawaida haikuwa na njia yoyote ya kujibu swali rahisi ambalo hata mtoto angeuliza: faili hii ilizaliwa lini?

Rudi sasa kwenye aibu ya kwanza. Nilihamisha kazi kwa cp -r. Amri hiyo haihamishi inodi. Inaumba inodi mpya kwenye diski mpya, inamimina maandishi ndani yake, na kerneli inaandika wakati wa sasa kila mahali. Ningetumia cp -p, au tar, au rsync -a, mtime ya zamani ingerudishwa. Herufi moja tu, wadau. Kwa ajili ya herufi moja, miezi minne ikawa usiku mmoja.

Lakini msidhani mtime ingetuokoa kabisa. Upo mwito unaomruhusu mwenye faili kuandika mtime na atime yoyote atakayo, na amri ya touch inautumia mwito huo. Andika touch -t 200501100900 na faili ya leo itasema iliandikwa Januari 2005, saa tatu asubuhi. Huo si udukuzi. Tar na rsync zinautegemea ili kurudisha tarehe za zamani. Sijui faili za mpwa zilipata wapi tarehe zake, na simshtaki mtu. Nasema tu kwamba tarehe ile peke yake haikuwa na uzito aliopewa, na sisi hatukujua namna ya kuipinga.

Kumbe ctime ni tofauti. Hakuna mwito wa kuiweka. Kerneli huiandika yenyewe, kwa saa ya mashine, kila inodi inapoguswa. Ukitumia touch kurudisha mtime nyuma, kitendo hicho chenyewe kinaipeleka ctime kwenye sasa hivi. Ndiyo maana wachunguzi wa kompyuta wakikuta mtime ya 2005 na ctime ya 2006 wanauliza maswali. Jibu laweza kuwa la kawaida, pengine faili ilinakiliwa tu. Lakini kuidanganya ctime yenyewe kunahitaji uirudishe nyuma saa ya mashine nzima, au uandike moja kwa moja juu ya diski, na yote mawili yanaweza kuacha alama kwingine.

Aibu ya pili, ile ya flashi diski, si kosa la Unix. Flashi zetu nyingi zilikuwa na mfumo wa FAT, uliotoka katika ulimwengu wa DOS. FAT haina inodi. Jina, ukubwa na tarehe vyote vinakaa pamoja ndani ya saraka. Haina habari ya mwenye faili. Inahesabu miaka kuanzia 1980, na wakati wa kubadilishwa unaruka sekunde mbili mbili. Baya zaidi, inaandika saa kama inavyoonekana ukutani bila kusema ni ukuta wa wapi. Saiba iliandika 21:30 ya Nairobi. Linux yetu, ambayo hatukuwa tumeipanga vizuri, ilidhani ni 21:30 ya saa za dunia, ikaongeza saa tatu za Afrika Mashariki, tukafika saa sita na nusu usiku. Laiti tungeeleza hilo pale pale, pengine mzee angetuamini. Tulibaki tumekodoa macho.

Unix yenyewe ilichagua njia nyingine. Inodi haina tarehe wala saa, ina hesabu tu. Mwaka 1971 walihesabu sehemu za sitini za sekunde tangu mwanzo wa mwaka ule, kwenye namba ya biti 32. Piga hesabu: namba hiyo inajaa baada ya takriban siku 828, miaka miwili na robo hivi. Walipoona hilo wakahamia kuhesabu sekunde nzima, na mwanzo ukasogezwa hadi 1 Januari 1970, saa sita kamili ya usiku kwa saa za dunia.

Kerneli haijui Nairobi wala haijui Kisumu. Inajua sekunde. Kuzigeuza ziwe saa ya ukutani ni kazi ya maktaba za programu, zikisaidiwa na hazina ya majira ambayo Arthur David Olson aliianzisha miaka ya 1980. Ndani ya hazina hiyo jiji letu lina mlango wake, Africa/Nairobi, na historia yake inashangaza: saa mbili na nusu mbele ya saa za dunia tangu 1908, saa tatu mwaka 1928, ikarudi mbili na nusu mwaka 1930, mbili na dakika 45 kuanzia 1937, na tangu Agosti 1942 saa tatu hadi leo.

Na hiyo ndiyo siri ya faili yetu ya saa tisa usiku. Programu iliyoiokoa haikujua tarehe, ikaandika sifuri. Sekunde ya sifuri, ukiitazama ukiwa Nairobi, ni Alhamisi, 1 Januari 1970, 03:00. Ukiitazama London inakuwa 01:00, kwa kuwa mwaka huo Uingereza ilikuwa imesogeza saa zake mbele mwaka mzima. New York inakuwa bado 31 Desemba 1969, saa moja jioni. Ukiona faili yako, ama picha ya simu, inadai ilizaliwa saa tisa usiku mwaka 1970, usiogope. Ni inodi inayosema kwa lugha yake: sijui.

Upande wa pili wa kamba uko 19 Januari 2038. Siku hiyo sekunde zitajaa kwenye namba ya biti 32 yenye alama ya kujumlisha na kutoa, na kwa saa zetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, watu wakiwa foleni ya matatu Waiyaki Way. Mifumo mipya imejitayarisha. Ext4 yenye inodi kubwa inafika mwaka 2446. Mitambo ya zamani iliyofichwa nyuma ya kaunta ndiyo ya kuangaliwa.

Tarehe za kompyuta zinaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko duka la spea. Mwaka 2009 sheria yetu ya ushahidi iliongezewa vifungu kuhusu rekodi za kielektroniki. Kifungu cha 106B kinadai cheti kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani. Yaani sheria nayo ilikubali kwamba karatasi iliyochapishwa haijitoshelezi, lazima ijulikane imetoka wapi na imepitia mikono gani.

Kisha ukaja mwaka 2017. Tarehe 28 Agosti, katika ombi la kupinga uchaguzi wa urais wa 8 Agosti, Mahakama ya Juu iliiagiza tume ya uchaguzi, IEBC, iruhusu wahusika wafikie habari za mifumo yake kwa kusoma tu, pamoja na kunakili inapobidi. Katika orodha ya vilivyotakiwa mlikuwa na kumbukumbu za watu na vifaa vilivyoingia kwenye seva. Ofisi za tume zilikuwa Anniversary Towers, University Way, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mahakamani City Hall Way. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wakaufuta uchaguzi huo, na katika sababu zao kamili za 20 Septemba wakasema agizo lile halikutimizwa kikamilifu. Sipimi hapa nani alikuwa na haki katika siasa, humu si mahali pake. Ninachotaka mwandishi wa programu akione ni maneno mawili ya agizo lile.

La kwanza ni kusoma tu. Katika Unix ya asili kusoma kwenyewe kunabadilisha: kila ukifungua faili na kuisoma, atime inaandikwa upya. Mchunguzi anayezurura ndani ya diski bila kuifunga anafuta nyayo anazozitafuta. Linux ilipunguza jambo hilo kwa sababu nyingine, kuandika atime kila mara kulichosha diski, na tangu kerneli 2.6.30 ya mwaka 2009 atime haiandikwi kila faili inaposomwa. Lakini kanuni ni ile ile: funga kwanza mlango wa kuandika, ndipo usome.

La pili ni kumbukumbu za kuingia. Kwa nini zidaiwe hizo, badala ya kutazama tu tarehe za faili? Kwa sababu inodi haina historia. Ina mara ya mwisho tu: mara ya mwisho kusomwa, mara ya mwisho kubadilishwa, mara ya mwisho kuguswa. Mtu akibadilisha faili mara hamsini, inodi inakumbuka ya hamsini. Anayetaka kujua nani aliingia na kwa mfuatano gani lazima aende kwenye logi, ambako mstari mpya unaongezwa bila kufuta wa zamani. Inodi ni kama mlinzi wa lango anayemkumbuka mgeni wa mwisho peke yake. Logi ni kitabu chake cha wageni.

Kwa bahati, mwaka huo huo wa 2017 lile swali la mtoto lilipata jibu kwenye Linux. FreeBSD ilikuwa imerudisha wakati wa kuzaliwa kwa faili tangu 2003 katika mfumo wa UFS2. Ext4, iliyotangazwa kukomaa Desemba 2008, nayo iliuandika kwenye inodi zake kubwa, lakini mwito wa stat haukuwa na nafasi ya kuutoa nje. Tarehe ilikuwa ndani ya diski na programu ya kawaida haikuweza kuiuliza. David Howells alianza kupendekeza mwito mpya mwaka 2010. Ulikubaliwa katika kerneli 4.11, Aprili 2017, ukiitwa statx. Amri ya stat tuliyoizoea ikaanza kuonyesha wakati wa kuzaliwa kwa kutumia mwito huo mwaka 2019. Hesabu mwenyewe kutoka 1971.

Hata hivyo kuzaliwa kunakoandikwa ni kwa inodi, si kwa kazi yako. Ukinakili faili ya 2006 leo, nakala imezaliwa leo. Anayetaka kulinda historia ya kazi yake asitegemee inodi. Tumia git, ambayo kwa makusudi haihifadhi mtime yoyote, ila inaunganisha kila badiliko na lililotangulia. Tuma nakala kwa mtu mwingine siku ile ile. Na diski ikiwa na jambo la maana, nakili diski nzima kwa dd, bloku kwa bloku, ili inodi zije zenyewe zilivyo.

Sasa turudi kwenye sanduku la viatu. Niliiunganisha ile diski kwa adapta ya USB, nikashika pumzi. Ikazunguka. Ni ya ext3, kwa hiyo niliifungua kwa kusoma tu, tena na chaguo la noload, kwa sababu ext3 inaweza kuandika kutoka kwenye daftari lake la mabadiliko hata ukiiambia isome tu. Kisha nikaiuliza faili kuu nyakati zake tatu: kusomwa, kubadilishwa, kuguswa.

$ stat -c '%X %Y %Z' stoo.c
1160849400 1149281220 1149281220

Namba ya kati na ya mwisho ni moja: 2 Juni 2006, saa tano na dakika 47 usiku, siku moja baada ya Madaraka. Naukumbuka usiku ule, stima ilikuwa imetoka kurudi. Mtime na ctime zinakubaliana, na mamia ya faili nyingine zinafuatana nyuma yake wiki kwa wiki kuanzia Februari, bila hata moja kusigana.

Namba ya kwanza ni atime: 14 Oktoba 2006, saa tatu na dakika kumi usiku. Ni mimi, nikizisoma ili nizinakili kwa cp -r.

Siku ile kwa wakili, diski hii ilikuwa chini ya kitanda changu hapa hapa Kangemi, safari ya matatu moja tu kutoka mjini. Isingekuwa ushahidi kamili, lakini mzee wakili angekuwa na la kumwambia hakimu. Nimempigia mwenzangu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado inafungua ile skrini ya ankara aliyoichora yeye. Nimemwambia aje Jumapili tuijaribu.

Nanyi mlio na diski za zamani kabatini, msizifungue hivi hivi. Zifunge kwanza zisiandikwe. Mpaka wakati mwingine.